Msimamizi Kwanza, Mji Baadaye

Kaunti ya Kwale haina chuo kikuu chenye makao yake makuu ndani ya mipaka yake. Kijana wa Tiwi mwenye digrii ya kwanza anayetamani ya pili analijua hilo vizuri. Njia zake ni za kuhesabika: avuke feri ya Likoni kila siku kwenda chuo cha Tudor, Mombasa, ahamie Kilifi, au apande basi la Nairobi. Akijadiliana na wazee nyumbani, mazungumzo huanza na karo, yakaenda kwenye kodi ya chumba, yakaishia kwa shangazi anayekaa Mtwapa ambaye labda atampa godoro.

Wakati yeye anafunga begi, wapo wanaokuja upande wake. Tangu miaka ya themanini na tisini ghuba ya Gazi, mwendo mfupi kusini mwa Diani, imekuwa ikipokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wakiwamo wa kutoka Ubelgiji na Uskoti, waliofuata mikoko. Msambweni imetafitiwa kwa kichocho tangu miaka ya themanini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani. Baadaye watafiti wa Stanford wakaja Msambweni na Ukunda kuchunguza dengi na chikungunya. Pampu ya mkono aina ya Afridev, ambayo leo imesambaa katika nchi nyingi za Afrika, ilijaribiwa Kwale katika miaka hiyohiyo ya themanini. Maji ya ardhini ya kaunti hii yamewaleta pia watafiti wa Oxford na wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Visima vya Tiwi vinalisha Likoni na Diani, kwa hiyo hali ya maji hayo si habari ya Tiwi peke yake.

Kwa hiyo anayeuliza "nihame au nisihame?" ana maswali mawili ndani ya moja. Kuna mahali pa kusomea, na kuna mahali pa kutafitia. Katika digrii ya kwanza mahali hapo ni pamoja. Katika ya pili panaweza kuwa mbalimbali kabisa, na hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu.

Kenya inataka shahada ya uzamili isipungue miaka miwili. Kwa kawaida mwaka wa kwanza ni wa madarasa: nadharia, mbinu za utafiti, takwimu, mitihani. Wa pili ni wa pendekezo la utafiti, data na tasnifu. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 iliongeza sharti jingine: mwanafunzi wa uzamili awe na makala moja katika jarida linalopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu, na wa uzamivu awe na mbili. Madarasa hayamkwamishi mtu sana. Wanaokwama hukwama kwenye tasnifu. Rasimu imepelekwa kwa msimamizi mwezi wa tatu, majibu hayajafika hadi wa saba. Pesa za kwenda uwandani zimeisha. Kazi ya mkataba imepatikana Ukunda na hakuna wa kuikataa. Miaka miwili inakuwa minne, na kila muhula unaozidi una ada yake.

Ndiyo maana jina la msimamizi lina uzito kuliko jina la mji. Mtu anaweza kukaa hatua chache kutoka lango la chuo na bado asimwone profesa wake kwa miezi. Mwingine anakaa Tiwi, anapigiwa simu kila wiki mbili na kurudishiwa sura iliyojaa alama nyekundu. Huyu wa pili ndiye atakayehitimu.

Tuseme hivyo, kisha tuitazame Kilifi, maana kwa mtu wa Pwani ndiyo iliyo karibu zaidi na kuitwa mji wa chuo. Chuo Kikuu cha Pwani kilianza kama taasisi ya kilimo, kikawa chuo kishiriki cha Kenyatta mwaka 2007, kikapata hati yake Januari 2013. Kilichoifanya Kilifi ipendwe na wanafunzi wa sayansi, hata hivyo, kilitangulia. Mwaka 1989 Kevin Marsh, Norbert Peshu na wenzao wachache walianzisha kituo cha utafiti kwenye hospitali ya Kilifi, wakianza na malaria. Kikakua kuwa mpango wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome ya Uingereza, wenye maabara, wataalamu wa takwimu na wanasayansi wa jenomu waliokaa pamoja katika mji mdogo. Chuo kilipozaliwa jirani, vikashikana mikono. Pwani ina shahada ya uzamili ya bioinfomatiki, somo ambalo mji wa ukubwa ule usingelimudu lau watu wa kulifundisha wasingekuwapo hapo tayari. Kuna pia mafunzo ya kuandaa watafiti chipukizi, yenye ufadhili, yanayoendeshwa na kituo hicho pamoja na chuo.

Mji wa namna hii humfaidi mwanafunzi kwa mambo ambayo hayamo kwenye ratiba. Semina ya mchana inayotangazwa asubuhi. Mtu wa maabara anayekuonyesha kwa nusu saa programu uliyohangaika nayo wiki nzima. Nafasi ya msaidizi wa utafiti inayosikika kwanza kwenye foleni ya chai. Anayesomea afya, takwimu za tiba au bioinfomatiki akipata nafasi Kilifi, ahame. Hilo halihitaji mkutano wa ukoo. Kutoka Tiwi ni zaidi ya kilomita themanini, na katikati kuna feri, kuna mji wa Mombasa, na kuna foleni ya Mtwapa ambayo wasafiri wa barabara ile wanaijua. Kwenda na kurudi kila siku hakuwezekani kwa mtu anayetaka pia kusoma.

Anayesomea utawala wa biashara au elimu hana sababu hiyo. Kwake Kilifi ni darasa na maktaba, na vitu hivyo anaweza kuvipata karibu zaidi.

Karibu zaidi ni Tudor. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina historia ndefu kuliko vyote vya Pwani: kilikuwa taasisi ya elimu ya Waislamu iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kikawa chuo cha ufundi, kikawa politekniki mwaka 1972, kikawa chuo kishiriki 2007, na kikapewa hati Januari 2013. Kwa mtu wa Tiwi hiki ndicho chuo anachoweza kukiendea bila kuhama. Matatu hadi Likoni, feri ambayo mwenda kwa miguu halipi, kisha matatu nyingine au tuktuk. Kwenye karatasi ni safari fupi.

Saa ndizo zinazoponza. Madarasa mengi ya uzamili huwekwa jioni ili wafanyakazi waweze kuhudhuria, na darasa la jioni linaweza kumalizika saa mbili au tatu usiku. Wakati huo mtu yuko Tudor, feri iko mbele yake, na matatu za kusini zinaanza kupungua. Kutoka barabara kuu hadi nyumbani ni bodaboda, gizani. Mwanamume kijana atasema ni mazoea. Mama mwenye mtoto mchanga hatasema hivyo. Barabara ya Dongo Kundu imempa nafuu mwenye gari, kwa kuwa sasa anaweza kwenda upande wa Miritini bila kuigusa feri, lakini abiria wa kawaida bado njia yake ni Likoni. Anayetaka kukata shauri asihesabu nauli tu. Ahesabu saa za barabarani kwa wiki, kisha ajiulize kama angepewa saa hizo zote azitumie kusoma angekuwa wapi na tasnifu yake. Wengine wamegundua kwamba siku tatu za darasa zinatosheka na kitanda cha kushirikiana Likoni au Mvita, wakarudi Tiwi Ijumaa. Huko si kuhama wala si kubaki, na kwa mwaka mmoja wa madarasa kunawafaa watu wengi.

Walimu wana mlango wao. Mwalimu wa sekondari ya Matuga au Waa anaweza kusoma kwa mfumo wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa. Hahami, anapanga chumba kwa wiki chache. Lakini ajue anachokitafuta. TSC, tume inayoajiri walimu, imeacha kumpandisha mwalimu daraja kwa sababu tu ameleta cheti kipya, na wapo waliokopa sacco wakitegemea mshahara uliokuwa ukiongezeka enzi za walimu wao. Digrii hiyo ina maana kwa anayetaka kufundisha vyuoni, kuandika vitabu au kuendelea na uzamivu. Kwa anayetaka nyongeza pekee, aulize ofisi ya TSC kabla ya kuuliza chuo.

Matawi ya vyuo vya Nairobi yaliyoko Mombasa yanahitaji tahadhari ya aina yake. Swali la kuuliza pale si kama kozi ipo kwenye kijitabu. Ni wanafunzi wangapi wako darasani mwaka huu, na wangapi wamehitimu kutoka tawi hilohilo. Darasa lenye watu watatu linaweza kuahirishwa hadi wafike kumi, na anayeahirishiwa ndiye anayelipa kodi.

Kodi hailali hata chuo kikilala. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulioanza Septemba 2025 uliendelea hadi Novemba. Mwanafunzi aliyehama aliendelea kumlipa mwenye nyumba kwa mji usiokuwa na darasa; wa Tiwi alikuwa kwao. Mwenye kupanga bajeti ya miaka miwili aweke miezi kadhaa ya ziada kwa jambo la namna hii, maana migomo si kitu kigeni katika vyuo vyetu.

Upande wa ufadhili, basari za kaunti na za eneo bunge huwasaidia zaidi wanafunzi wa sekondari na wa digrii ya kwanza. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ina mikopo ya uzamili, DAAD ya Ujerumani imekuwa ikifadhili masomo ndani ya vyuo vya Afrika Mashariki, lakini njia inayosahaulika ni mradi. Mtafiti mwenye fedha za mradi mara nyingi huweka ndani yake nafasi ya mwanafunzi mmoja au wawili, akilipia karo na kazi ya uwandani. Nafasi hizo hazitafutwi kwa kuchagua mji. Zinatafutwa kwa kusoma makala za watafiti na kuwaandikia.

Hapa ndipo Kwale inapogeuka kuwa mtaji. Gazi kuna kituo cha KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari yenye makao yake Mombasa, na mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni ya takriban tani 3,000 kwa mwaka; pato lake limeleta maji na vifaa vya shule kijijini. Dakta James Kairo, aliyeitafiti mikoko hiyo kwa muda mrefu kuliko wengi, alipata uzamivu wake Vrije Universiteit Brussel. Jina la chuo likawa la Ulaya, matope yakawa ya Gazi. Kilifi kuna mfano unaofanana nao: wanafunzi wengi wa uzamivu wa KEMRI-Wellcome wamesajiliwa Open University ya Uingereza huku wakiishi na kufanya kazi palepale Kilifi. Anayeota kwenda ng'ambo aujue mpangilio huu kabla ya kuuza shamba la minazi.

Kwa wa sayansi za bahari kuna Unguja pia. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko huko tangu 1978, na jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, iliyoundwa 1993, ina ofisi zake Zanzibar na hutoa ruzuku za utafiti. Kutoka Tiwi, mpaka wa Lunga Lunga uko karibu kuliko Nairobi, lugha ni ileile na wali ni uleule. Kinachobadilika ni pasipoti, kibali cha mwanafunzi na ada ya mgeni, na hivyo viulizwe kwa maandishi.

Barua kwa msimamizi iende kabla ya fomu kulipiwa. Iwe fupi, itaje makala yake moja ambayo mwombaji ameisoma kweli, kisha iulize: ana wanafunzi wangapi kwa sasa, na wa mwisho alimaliza baada ya muda gani? Je, utafiti unaweza kufanyika Kwale, na msimamizi wa pili akatoka KMFRI, KEMRI au hospitali ya Msambweni? Data itakuwa ya nani? Asiyejibu barua ya mtu anayetaka kulipa karo hatajibu ya mtu aliyekwisha kuilipa.

Jibu likiwa zuri, hesabu ya chumba huwa nyepesi. Anayeanza Septemba anahitaji Kilifi au Mombasa hadi mitihani ya madarasa imalizike na pendekezo lipite. Baada ya hapo data iko Gazi, Msambweni au kwenye visima vya Tiwi, na kitanda chake kiko nyumbani. Amwambie mwenye nyumba mapema kwamba ni mwaka mmoja, amana iandikwe kwenye risiti, na jokofu asinunue.