Ravel: Mtunzi aliyebaki na muziki kichwani mkono ulipokataa kuandika

WENGI wanaoburudika kwa Boléro hawajui kwamba mtunzi wake, Mfaransa Maurice Ravel, alimaliza miaka yake ya mwisho akiwa hawezi kuandika hata jina lake bila taabu.

Ravel alizaliwa Machi 7, 1875 mjini Ciboure, karibu na mpaka wa Ufaransa na Uhispania. Mamake alikuwa wa jamii ya Wabasque, na babake mhandisi mwenye asili ya Uswisi. Familia ilihamia Paris angali mchanga, naye akaanza kufunzwa piano akiwa na umri wa miaka saba.

Katika chuo cha muziki cha Conservatoire hakutia fora kama mpiga piano. Kipawa chake kilikuwa katika utunzi, ingawa wakuu wa chuo walikawia kukitambua. Kati ya 1900 na 1905 aliwania tuzo ya Prix de Rome mara tano asiipate. Mara ya mwisho aliondolewa katika mchujo wa kwanza, ilhali jina lake lilikwisha kuvuma. Magazeti yalipogundua kwamba wote waliofuzu walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja, Charles Lenepveu, aliyekuwa miongoni mwa waamuzi, zogo likazuka. Mwaka uo huo Gabriel Fauré, mwalimu wa Ravel, akakabidhiwa uongozi wa chuo.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza aliendesha lori la jeshi karibu na Verdun. Vipande sita vya piano vya Le Tombeau de Couperin alivitunga kwa kumbukumbu ya marafiki waliouawa vitani.

Boléro ilichezwa kwanza Paris mnamo 1928. Kwa takriban dakika 15 ngoma hurudia mdundo ule ule, huku ala nyingine zikipokezana tuni mbili tu, sauti ikipanda hadi kishindo cha mwisho. Mwenyewe hakuihesabu kuwa kazi yake bora.

Utungo wake kwa mkono wa kushoto pekee, aliomwandalia Paul Wittgenstein wa Austria aliyepoteza mkono wa kulia vitani, una uzito zaidi. Utungo mwingine wa piano na okestra alikusudia kuupiga mwenyewe. Hakuweza, Januari 1932 Marguerite Long ndiye aliyeketi kwenye piano, Ravel akiongoza okestra.

Oktoba mwaka huo teksi aliyoabiri ilipata ajali. Dalili za maradhi ya ubongo zilikuwa zimeanza awali, na baada ya ajali zikazidi. Daktari Théophile Alajouanine, aliyemchunguza, alieleza kwamba Ravel aliweza kutambua nyimbo na kunasa kosa dogo kabisa la mpigaji, lakini kusoma na kuandika noti kulimshinda. Opera aliyoipanga kuhusu Jeanne d'Arc haikuandikwa.

Desemba 1937 daktari Clovis Vincent alimpasua kichwa akitafuta uvimbe asiuone. Ravel alifariki Desemba 28, akiwa na umri wa miaka 62, bila mke wala mtoto.