Mashua ya Tanga kwa Mkazi wa Lushoto: Tela, Keria au Kuiacha Pwani?

Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwenye mashua ndogo ya tanga huko anaanza safari kwa kushuka kilomita zipatazo 33 za kona hadi Mombo, kisha anapita Korogwe, Segera na Muheza mpaka Tanga mjini. Ni kama kilomita 160 kwenda tu. Kwa hiyo swali la bei ya mashua hutanguliwa na jingine: itashuliwaje, na itapandishwaje tena? Njia ziko nne.

Tela linaloinama

Kitanda chake kimeungwa kwa bawaba na kufungwa kwa pini. Ukitoa pini, upande wa nyuma unashuka na mashua inateleza juu ya rola hadi majini. Wakati wa kurudi, winchi inaivuta omo kwanza. Uzito ukishavuka ekseli, kitanda kinalala chenyewe, nawe unarudisha pini. Mtu mmoja anaweza kupandisha mashua ya kilo 150 bila kuita vijana.

Faida yake kubwa ni magurudumu kubaki pakavu. Tela la kawaida hurudishwa majini mpaka mashua ielee. Habu zilizopata moto kwa safari ndefu zikitumbukia ghafla, hupoa na kufyonza maji ya chumvi. Grisi inaharibika, na beringi hufuata.

Hasara ni mbili. Fundi wa kuchomelea atakutoza zaidi kwa bawaba, rola na winchi. Pia linahitaji ardhi ngumu. Kwenye mchanga laini gari huzama kabla ya mashua kugusa maji. Na lolote utakalochagua, tela husajiliwa kwa namba yake yenyewe na lazima liwe na taa zinazowaka.

Keria ya gari

Ukiwa na mashua nyepesi, hii ndiyo rahisi kuliko zote. Bodi ya mashua aina ya Laser ina urefu wa mita 4.2 na uzito wa kilo 59 hivi, na mlingoti wake hugawanyika vipande viwili. Watu wawili huipandisha juu ya gari, na toroli dogo huifikisha majini. Hakuna beringi za tela wala breki zinazoelemewa kwenye mteremko wa Mombo. Ila ukiwa peke yako, au mashua ikizidi kilo 80, sahau.

Kuiacha Tanga

Unalipa mahali pa kuilaza na mlinzi, unabaki na toroli tu. Kwenye fukwe wavuvi hushua ngalawa kwa magogo na mikono ya wenzao, na msaada huo hupatikana kwa malipo ya kuelewana. Gharama iliyofichika ni jua, kutu na vifaa kupotea. Tanga la mashua na usukani virudi nawe nyumbani.

Kukodi ngalawa na nahodha wake

Huhitaji mtaji, huna matengenezo, na unajifunza upepo wa kaskazi na kusi kwa mtu anayeishi nao. Unacholipa ni siku uliyokwenda.

Hesabu ya barabarani

Wengi huogopa mafuta. Chukua gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100: kwenda na kurudi ni lita 32. Tela likiongeza sehemu ya tano, unafika lita 38 na kitu. Tofauti ni lita sita au saba. Pesa yako hasa itaishia kwenye matairi, beringi na breki, kwa kuwa kati ya Lushoto na Mombo unashuka takriban mita 1,000. Shuka kwa gia nzito, na uzito wa mashua ukae kidogo mbele ya ekseli ili tela lisiyumbe.

Halafu kuna saa za maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji ya Tanga hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa mnamo saa 4 asubuhi. Anayeondoka Lushoto saa 12 asubuhi atakuta bahari imekwenda mbali, na hakuna kitanda cha tela kitakachoifikia. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa karibu na saa 4 asubuhi. Hizo ndizo siku za mtu wa milimani.

Uamuzi

Mashua nyepesi na mwenzako yupo: keria. Unakwenda mara chache kwa mwaka: kodi ngalawa. Unakwenda kila mwezi, daima Tanga: iache huko. Tela linaloinama linamfaa mwenye mashua nzito anayehama leo Tanga, kesho Pangani, na ambaye mara nyingi yuko peke yake. Kama wewe si huyo, usilinunue hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Na kama ndiye, kagua pini na bawaba kabla ya kukagua rangi.