Mbio za Pole: Wiki Moja ya Wakimbiaji wa Kawaida

Miaka miwili iliyopita wauguzi walikuja ofisini kwetu hapa Moshi kupima presha na sukari. Wenzetu wanne ambao tulidhani ni wazima kabisa walikutwa na shinikizo la damu lililozidi 140/90. Mmoja wao ni mama wa uhasibu, mtu ambaye hajawahi kulalamika hata kuumwa kichwa. Ndipo tulipoamua kukimbia pamoja. Katika makala haya tunaeleza jinsi wiki yetu inavyokwenda, na kwa nini tunakimbia polepole kiasi cha kuchekwa na watoto wa shule.

Hatukuanza hivyo, tulianza kwa pupa. Wengi wetu tumevuka miaka arobaini na tulikuwa hatujakimbia tangu enzi za mchakamchaka shuleni. Hata hivyo, mashindano ya Kilimanjaro Marathon, yanayofanyika hapa mjini tangu mwaka 2003, yalikuwa yamebakiza majuma matatu, nasi tukajiandikisha kilometa 21. Wawili wakaumia kano za kisigino, mmoja goti. Mama wa uhasibu alikuwa amekatazwa na daktari. Aliambiwa aanze dawa na kutembea kila siku. Tulimwonea huruma, kumbe yeye peke yake ndiye aliyekuwa akifanya jambo sahihi.

Kosa letu ni la wengi. Pumzi ya mtu hujengeka ndani ya majuma machache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Hivyo mtu anajisikia mwepesi, anaongeza mwendo, halafu mguu unakataa.

Siku hizi Jumatatu tunapumzika. Jumanne tunakutana saa 11:30 alfajiri, kundi zima, na kukimbia kilometa tano au sita mahali tambarare. Sharti ni moja: kila mmoja aweze kuzungumza. Anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuhema anapunguza mwendo, na kundi linapunguza pamoja naye. Mchakamchaka ulikuwa na kanuni hiyo hiyo, ingawa hakuna mwalimu aliyetueleza. Kiongozi aliimba, wengine wakaitikia, na anayekimbia kupita uwezo wake hawezi kuitikia. Kwa mwendo huo moyo unafanya kazi bila kulemewa, na mishipa midogo inayopeleka damu kwenye misuli inaongezeka. Kwa mtu mwenye presha ya juu, mazoezi ya namna hii yakifanywa kwa kudumu huweza kushusha kipimo cha juu kwa takriban namba 5 hadi 8. Hayachukui nafasi ya dawa, na tunaomba hilo lieleweke vizuri.

Septemba 2025 Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia huko Tokyo, akimtangulia mpinzani wake kwa sehemu tatu za mia moja za sekunde, tulipata vijana wapya waliotaka kasi tu. Tuliwakumbusha kwamba kabla ya hatua zile za mwisho alikuwa amevumilia kwa zaidi ya saa mbili. Wengine walielewa, wengine hawakurudi.

Alhamisi ni siku ya mlima, dakika thelathini tu. Tunapanda kwa kukimbia na kutembea, tunateremka taratibu kwa sababu mteremko ndio unaoumiza magoti.

Siku tunayoipenda ni Jumamosi. Tunaacha lami na bodaboda zake, tunaingia njia za miguu zinazopita katikati ya vihamba, chini ya migomba na kahawa, tukifuata mifereji ya asili ya kumwagilia. Ardhi pale ni laini kuliko lami, na kwa kuwa kila hatua ni tofauti, vifundo vya miguu vinaimarika. Lakini wakati wa masika udongo ule mwekundu huteleza kama sabuni. Hapo tunatembea tu, na mwenye raba zilizolika tunamshauri abaki nyumbani. Mbwa nao wapo. Ukisimama na kumwita mwenye mji, kwa kawaida yanaisha.

Akina mama walipata shida nyingine. Siku za mwanzo waliulizwa njiani, "Mama mzima, nani anakukimbiza?" Wawili walikaribia kuacha. Baada ya kuanza kupita tukiwa watu kumi na zaidi maneno yalipungua, na mama mmoja aliyekuwa akituuliza kutoka kwenye kibanda chake cha mboga sasa hutembea nasi kila Jumamosi.

Jumapili ni ibada na mapumziko. Ukijumlisha yote, tunapata dakika zipatazo 160. Mwongozo wa mwaka 2020 wa Shirika la Afya Duniani unashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Kuhusu chakula, hatukuhitaji kununua kitu kipya. Kabla ya kukimbia inatosha ndizi mbivu moja na maji. Tukirudi Jumamosi tunakula kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, pamoja na mchicha na kipande cha parachichi. Ndizi inarudisha nguvu, maharage yanajenga misuli. Tatizo letu kubwa lilikuwa chai ya saa nne ofisini: maandazi mawili, vijiko vitatu vya sukari, na mchana soda. Chupa ya kola ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko vidogo saba hivi. Tulibadilisha maandazi tukaweka viazi vitamu na karanga. Manung'uniko yalikuwepo, na mwandishi wenu hakuwa wa mwisho kunung'unika. Chumvi imekuwa ngumu zaidi. Ushauri ni isizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na mezani kwetu kichupa cha chumvi bado kipo.

Mama wa uhasibu alipimwa tena mwezi uliopita, akiwa bado anatumia dawa: 132/84. Jumanne iliyofuata alikimbia kilometa tano bila kusimama, akitusimulia muda wote habari za harusi ya mpwa wake.