Mwanao adai yuko sawa, lakini mwili wasemaje?

MTIHANI wa kitaifa umekaribia. Unamuuliza mwanao iwapo ana wasiwasi, naye anakujibu, "Niko sawa, Mama." Lakini viganja vyake vimeloa jasho, chakula hakishuki, na usiku hapati usingizi.

Ulimi unaweza kuficha jambo. Mwili ni vigumu. Ndiyo sababu wataalamu wanaochunguza mfadhaiko hawategemei maneno pekee, bali huupima.

Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Dkt Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Montreal, Canada. Mnamo 1936 alieleza jinsi panya waliotiwa kwenye baridi, waliojeruhiwa na waliopewa dawa kali walivyopatwa na mabadiliko yale yale. Tezi zilizo juu ya figo zilivimba, na vidonda vikatokea tumboni.

Tezi hizo ndizo hutoa kotisoli, homoni inayoongeza sukari katika damu ili mwili upate nguvu za kukabili hatari. Hupimwa kwenye damu, mkojo au hata mate. Watafiti wengi hupendelea mate, kwa kuwa sindano yenyewe humtisha mtu na kuvuruga matokeo.

Kotisoli hupanda asubuhi, muda mfupi baada ya mtu kuamka, kisha hushuka hadi usiku. Kwa hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Hapa nywele husaidia: hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, hivyo sentimita 3 zilizo karibu na ngozi huweza kusimulia miezi 3 iliyopita.

Je, mzazi asiye na maabara afanyeje? Mwambie mwanao aketi atulie kwa dakika 5. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100. Rudia siku kadhaa, saa ile ile, uone kama yanapanda.

Hata hivyo, usikimbilie kuamua. Homa au upungufu wa damu pia huharakisha moyo, na mapigo yakizidi kuwa juu, mwone daktari.

Isitoshe, kipimo huonyesha kwamba mwili umelemewa; hakisemi umelemewa na nini. Hilo utalijua ukiketi na mwanao na kumsikiliza bila kumkatiza.