Usiigonge Shaba Ikiwa Baridi

Hapa Amu, sinia la shaba likibonyea wengi wetu hulinyoosha kwa nyundo likiwa baridi. Nami nililipasua hivyo la marehemu nyanya yangu.

Shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, kila ikigongwa huzidi ugumu, mwisho hupasuka. Ganda la risasi ni shaba hiyo hiyo: likifyatuliwa hutanuka, likibanwa kurudi kipimo chake ili lijazwe tena huwa gumu, hadi shingo ipasuke. Ndiyo maana wajazaji hupasha moto shingo pekee. Kitako kikilegea ni hatari.

Sinia nalo lipashwe hadi liwe jekundu hafifu, lipoe, ndipo ligongwe. Likianza ugumu, lirudi motoni.

Na usiliweke karibu na zizi la punda. Amonia ya mkojo huipasua shaba iliyogongwa. Risasi za Waingereza kule India zilipasuka hivyo msimu wa mvua.