Goma: Kidonda kimepona, lakini risasi iliyobaki mwilini bado inaleta woga

« Risasi ingali ndani. » Mwanamume mmoja wa mji wa Goma hurudilia maneno hayo kila mara anaposhika bega lake. Alijeruhiwa katika mapigano ya mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, wakati hospitali za mji, kama vile CBCA Ndosho, zilipokea mamia ya majeruhi. Kidonda kilifunga. Anabeba mizigo kama zamani. Ila usiku, moyo ukipiga mbio, anasikia kana kwamba kile chuma kinatembea kifuani.

Amekwisha kufanya radio mara tatu, katika hospitali tatu, kwa pesa ya kuazima. Kila picha inamtuliza siku mbili ao tatu, kisha woga unarudi.

Kweli, wanganga wapasuaji hawatoi kila risasi. Hatari kubwa ni uchafu na nyama iliyokufa ndani ya kidonda; hiyo ndiyo wanayosafisha kwanza, na mara nyingi kidonda huachwa wazi siku chache mbele ya kukifunga. Kutafuta risasi iliyozama kunaweza kukata mishipa mizima. Inatolewa kama iko ndani ya kiungo, kwa mfano goti, ao inakandamiza mshipa. Inayobaki katika nyama huzungukwa na kovu, na kwa wengi inakaa palepale miaka yote. Lakini majeruhi wanapokuwa wengi, nani anapata muda wa kueleza hayo?

Mwili ulioponea kifo unabaki katika ulinzi: kila mchomo unaonekana hatari mpya. Kubonyeza kovu mara ishirini kwa siku kunalifanya liume, na maumivu hayo yanazidisha woga. Heri kubaki na munganga mmoja, kumuomba aonyeshe risasi kwenye picha na aseme kwa nini iliachwa, kisha kupunguza polepole kujigusa. Antibiotiki za kununua bila karatasi ya munganga hazitibu woga.

Lakini homa, usaha, uvimbe mpya ao mkono kukosa nguvu si mambo ya woga tu: ni kwenda hospitali siku ileile.

Kwa waliopoteza usingizi majuma mengi, Goma kuna kituo cha afya ya akili Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME. Wengine hawaendi, wakiogopa kuitwa wenda wazimu. Mke wa yule mwanamume amemwambia: « Papa, hata mimi silali kwa ajili ya bega lako. Twende tuulize. » Wanapanga kwenda juma lijalo, kama pesa ya pikipiki itapatikana.