Kugawana Faili au Kulitumia kwa Pamoja?

Tuliletewa rasimu ya mwongozo ili tuikague lugha yake. Ilihusu jambo dogo: namna ya kuunganisha kompyuta mbili kwa kebo moja, bila mtandao wa ofisi wala intaneti, ili watumishi wawili waweze kutumia mafaili yale yale. Mfasiri alikuwa ameandika: "Baada ya kuunganisha, gawana faili." Karani aliyepewa rasimu aijaribu alifanya kama alivyoagizwa. Alilikata faili la orodha ya mishahara sehemu mbili, nusu akabaki nayo, nusu akaipeleka kwa mwenzake. Hatuwezi kumlaumu. Watu wakigawana embe, kila mmoja huondoka na kipande chake.

Yafaa kwanza tukielewe chombo chenyewe. Kebo inayozungumzwa ina waya nane zilizosokotwa jozi nne, na urefu wake hautakiwi kuzidi mita 100. Katika mawasiliano ya kasi ya megabiti 10 au 100 kwa sekunde, jozi mbili tu ndizo zinazofanya kazi: kompyuta hutuma kwa pini ya 1 na ya 2, hupokea kwa pini ya 3 na ya 6. Kompyuta mbili za namna moja zikiunganishwa kwa kebo iliyonyooka, mdomo hukutana na mdomo, sikio na sikio. Ndipo mafundi wakatengeneza kebo ambayo pini ya 1 ya upande mmoja huishia kwenye ya 3 ya upande wa pili, na ya 2 kwenye ya 6. Wako walioiita "kebo ya msalaba", tafsiri inayomfanya msomaji atafute kanisa. Sisi twapendelea "kebo ya kupishanisha", kwani ndiyo kazi yake. Kompyuta nyingi za siku hizi hupishanisha zenyewe, na kebo yoyote hutosha. Lakini anayetumia mashine ya zamani bado atalihitaji neno hilo dukani.

Zikishaunganishwa, kila mashine huhitaji anwani. Isipopewa, aghalabu hujipa yenyewe moja inayoanza na 169.254. Hapa lugha haina ugomvi.

Ugomvi uko kwenye kitenzi. Mtumishi wa serikali amezoea masjala: jalada likienda kwa ofisa mmoja, huandikwa kuwa limetoka, na ofisa mwingine hulisubiri. Pengine ndiyo sababu wengine hupendekeza "kuazimana faili". Lakini aliyeazimisha kitu ameondokewa nacho, ilhali faili la kompyuta hubaki pale pale lilipo na mwenzake hulifungua kupitia kebo.

Neno "shiriki", ambalo limeenea sana, lina kasoro nyingine. Anayeshiriki ni yule anayejiunga na jambo: hushiriki katika mkutano, hushiriki katika mazishi. Agizo "shiriki faili" huelekezwa kwa mwenye faili, ambaye tayari analo; yeye hajiungi, bali humpa mwenzake nafasi. Tukiutaka mzizi huo, kinachofaa ni kinyambuo cha kusababisha, nacho hudai mtu: "mshirikishe mwenzako faili hili". Kwenye kitufe cha skrini, ambapo mwenzako hatajwi, "shirikisha" peke yake yaweza kukubalika. Katika maelezo marefu twaona ni salama zaidi kusema "kuruhusu matumizi ya pamoja".

Wafasiri wasichanganye tendo hili na "kunakili", ambako huzaa mafaili mawili yatakayotofautiana mara mmoja akisahihisha lake, wala na "kuhamisha", ambako humwacha mwenye faili mikono mitupu. Kwa orodha ya mishahara, tofauti hizo si za wanaisimu peke yao.

Rasimu tuliirudisha ikisomeka hivi: "Ruhusu folda itumiwe kwa pamoja. Chagua iwapo mwenzako atasoma tu au ataweza pia kubadili." Karani yule yule aliijaribu tena, akauliza swali moja: kebo ikichomolewa, faili litabaki kwa nani? Litabaki kwa mwenye folda. Mwenzake atakuwa nalo iwapo tu alilinakili. Sentensi hiyo nayo tukaiongeza.